Panga letu ndilo lililobeba ugonjwa

Kila mwezi wa tisa, mvua inaporudi, tunasikia kanisani fundisho la mpanzi na mbegu zake. Tunalipenda sana, kwani sisi wenyewe ndio tunaopanda. Habari ya mbegu iliyoanguka njiani ikaliwa na ndege hatuhitaji kuelezwa mara mbili, kuku za jirani zimekwisha kutueleza. Lakini hatujasikia bado mtu akihubiri juu ya panga. Juma hili tunataka kuwapa habari ya panga, tena si la mtu mwingine. Ni lile letu la chama, lenye mpini uliofungwa na mpira wa kinga.

Wengi wenu mnalijua shamba letu hapa Kabare, kwenye mteremko chini ya njia ya kwenda soko la Mudaka. Si letu kwa kweli, tunamlipa mwenyewe kila mwaka. Tuna migomba, na kati ya migomba tunapanda maharagwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tisa na mwezi wa pili. Kila siku ya posho asubuhi tunakwenda salongo, wamama ishirini na kidogo, wengine na watoto mgongoni. Ndizi tunaziuza. Wanaonunua wengi wanazipeleka kupika kasiksi, na jambo hilo lilikwisha kuleta maneno mengi chamani, hatutalirudilia leo. Feza inayotoka humo inafanya kazi mbili: kutembelea wagonjwa na wenye kilio, na kusaidia minervali ya watoto yatima walio sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, ni kweli, lakini sekondari inalipwa, na sisi walimu tulio ndani ya chama tunajua namna mtoto anavyoinama anaporudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Basi mkijua hayo mtaelewa hofu yetu. Mwezi wa pili wa mwaka jana, tukiwa katika kupalilia, tuliona migomba mitatu ambayo majani yake yamekuwa ya manjano na kulegea, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mkungu mmoja ulianza kuiva kabla ya wakati, ndizi moja mbichi, nyingine imeiva, bila utaratibu. Tukasema ni jua. Tukakata majani yaliyokauka kama desturi, tukaendelea na mingine, tukashuka mstari kwa mstari mpaka mtaroni. Mwezi wa nne migomba iliyolegea ilikuwa kumi na moja. Mwezi wa tano ilipita thelathini, tukaacha kuhesabu.

Hapo ndipo neno lilianza.

Upande wa kulia wa shamba letu, nyuma ya ua wa miyenzi, anakaa koko mmoja mjane. Watoto wake wako mbali, anakaa na mjukuu wa kike. Miaka miwili mbele tulikuwa tumegombana naye juu ya mpaka, kwa sababu mmoja wetu alilima akapita ua kwa hatua mbili hivi. Ugomvi ulikwisha mbele ya chefu, lakini kila mtu alikumbuka kwamba koko alisimama siku ile akasema kwamba shamba hilo halitatupa raha. Maneno ya hasira. Nani kati yetu hajasema maneno ya namna hiyo siku ya hasira? Sasa migomba yetu ilikuwa ikifa, na yake, ng'ambo ya ua tu, ilisimama mizima na mikungu mikubwa. Mmoja wetu akasema kisimani: “Yetu inakufa, yake inanenepa. Mnataka ushahidi gani tena?”

Tunaandika jambo hili kwa haya. Hakuna mtu aliyetoa amri ya kumtenga koko. Ilikuja tu. Tukaacha kuchukua njia inayopita mbele ya mlango wake. Watoto wetu wakaacha kucheza na mjukuu wake, na darasani mmoja akakataa kukaa naye kwenye banki moja. Alipokuja na kitunga chake cha avoka kuuza, wanunuzi wakageuka. Tunajua wote mahali maneno ya namna hii yanapofikia kwetu Kivu ya Kusini. Mama wazee wamefukuzwa nyumbani mwao kwa sababu ya maneno kama haya, na wengine wamepoteza maisha. Tulijua, na bado tulinyamaza.

Mwezi wa sita, kwa maombi ya katibu wetu, alikuja agronomu. Ni kijana, anaweza kuwa mtoto wetu, alifika na pikipiki, botte zimejaa matope. Wengine walinong'ona: huyu atatufundisha nini, sisi tuliozaliwa chini ya mgomba? Akaomba ndizi moja ya mkungu ulioiva vibaya, akaipasua. Ndani mlikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Akakata mgomba mmoja, akatuambia tungoje. Tulingoja kama wakati wa kuimba wimbo mmoja. Kwenye mahali palipokatwa pakaanza kutoka maji mazito ya manjano, kama usaha.

“Wamama, huu ni mnyauko wa migomba,” akasema. “Unaletwa na bakteria, vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona.” Akaeleza kwamba wataalamu waliujua kwanza Ethiopia, na kwamba hapa Kongo ulionekana mwaka 2001 huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukaendelea kushuka mpaka kwetu. Dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kushikwa hakuna. Halafu akauliza swali ambalo hatukulitazamia:

“Majani mnakata kwa panga ngapi?”

“Moja.”

“Mnaanzia wapi, mnaishia wapi?”

Tukamwonyesha. Tunaanzia juu, kwenye mti wa avoka, tunashuka mstari kwa mstari mpaka mtaroni. Akaenda mwenyewe, polepole, akigusa mgomba mmoja mmoja. Migomba iliyokufa ilikuwa imefuata njia yetu. Ng'ambo ya mtaro, mahali ambapo hatukufika kwa sababu ya mvua nyingi, migomba yote ilikuwa mizima. Panga letu lilikuwa limechukua maji yale ya ugonjwa kutoka mgomba wa kwanza na kuyatia ndani ya kidonda cha wa pili, na wa tatu, posho kwa posho. Kadiri tulivyotunza shamba, ndivyo tulivyoliua.

“Na ile ya koko?” mmoja akauliza, sauti chini.

Agronomu akavuka ua kumsalimu. Aliporudi alisema koko ana kisu chake mwenyewe ambacho hamwazimi mtu, na kwamba lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu yeye analivunja kwa mkono mara ndizi za mwisho zinapotoka. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo, akimwambia kwamba ndizi zinanenepa. Kumbe nyuki na nzi wanaozunguka ua lile ndio njia nyingine ya ugonjwa. Koko hakujua habari ya bakteria kuliko sisi. Alishika tu alichofundishwa.

Tuliteremka nyumbani siku ile bila kuimba.

Tangu hapo tumezungumza sana juu ya panga lile, na hapa ndipo tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo hili ndilo lililotuuma zaidi. Sote tumesoma mlango wa tatu wa barua ya Yakobo, namna anavyoufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Tulipokuwa tukiusoma tulifikiri juu ya watu wenye ulimi mkali, wale wanaotukana sokoni. Hatukujifikiri sisi. Panga letu halikuwa la adui, lilikuwa mkononi mwa mama anayependa shamba.

Tulipokaa chini kutafuta njia ambayo neno juu ya koko lilipita, kama agronomu alivyofuata mistari, tuliona aibu. Halikupitia kwa wagomvi. Lilipitia katika ziara zetu za maombi! Tulikuwa tukiingia nyumba ya mgonjwa, tunaimba, tunaomba, kisha kabla ya kuondoka mmoja anasema: “Tumwombee na koko yule, maana kuna maneno.” Maneno gani? “Aa, mimi sijui, nasikia tu.” Kisha tunaenda nyumba ya pili, na ulimi haujapita motoni. Hivyo kwa juma moja tulitembelea nyumba saba, na nyumba saba zikajua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwamba anasengenya. Tulifikiri tunabeba mzigo wa mwenzetu.

Agronomu alitufundisha kwamba kati ya mgomba na mgomba panga linapaswa kupita katika moto mpaka makali yapate moto sana, au kupanguswa kwa maji ya javeli. Ni kazi inayochosha. Tunawasha moto wa vijiti pembeni, tunatembea na mbabula, watoto wanacheka. Salongo iliyokwisha saa nne sasa inafika saa sita. Lakini tumeanza kujiuliza: tukitoka nyumba moja kwenda nyingine, tunapita kwenye moto gani? Wamama wawili wametoa shauri kwamba katika ziara mtu asitaje jina la asiyekuwepo, hata kwa kumwombea, isipokuwa yeye mwenyewe ametuma. Wengine wanasema ni sheria ngumu mno, kwamba tutashindwa kuwaombea waliopotea. Hatujakata neno bado. Sisi tunaoandika tunaona afadhali ugumu ule, kwa majaribio, mpaka mwisho wa mwaka.

Jambo lingine ambalo halikutupendeza kusikia: mgomba unaweza kushikwa na kuonekana mzima kwa majuma mengi, hata miezi. Majani ni mabichi, mkungu unatoka, mwenyewe anajisifu. Ndiyo sababu ugonjwa unasafiri pia katika machipukizi tunayopeana. Mama anampa dada yake mtoto wa mgomba kwa upendo, akamfunga na majani vizuri, kumbe anampa msiba. Mmoja wetu alikuwa ameona maji ya manjano tangu mwezi wa tatu, akanyamaza kwa sababu mstari ule ulikuwa wa kazi yake na aliogopa kusemwa kuwa mvivu. Hatumhukumu. Kuna mambo nyumbani mwetu tunayoyafunika hivyo hivyo, deni ambalo bwana hajui, mtoto aliyeacha shule na tunasema bado anasoma. Tunatamani chama chetu kiwe mahali ambapo mama anaweza kusema mapema “nimeona jani moja la manjano” bila kuchekwa. Leo bado si mahali hapo, tuseme ukweli.

Kuhusu kukata, tulibishana. Mwanzoni wengi walitaka kung'oa shamba lote, tuchome, tuanze upya. Hasira ilikuwa nyingi. Wengine walikumbuka jirani ambao miaka iliyopita walifanya hivyo: kung'oa fungu zima na mizizi yake ni kazi ya wanaume wenye nguvu, na mahali pale inabidi kungoja miezi mingi kabla ya kupanda mgomba tena. Agronomu akatuonyesha njia nyingine. Katika fungu moja la migomba, mama na watoto wake, si lazima wote wawe wameshikwa. Unakata ule mmoja tu unaoonyesha ugonjwa, chini kabisa, sawa na udongo. Unasafisha panga. Unarudi juma linalofuata. Ukiona mwingine, unakata huo. Unaendelea hivyo bila kuchoka, na unavunja maua mapema kwa mti wenye panda, siyo kwa panga, ili usiache kidonda cha makali. Polepole ugonjwa unapungua, na fungu linabaki.

Tulikubali njia hiyo, na tulipoikubali shambani tukaona kwamba hatuwezi kuikataa kati yetu. Maana siku zile zile kulikuwa na shauri la kumfukuza chamani mama yule aliyesema neno la kwanza kisimani. Waliolitoa walikuwa wakali, na kati yao walikuwamo waliolibeba neno nyumba kwa nyumba. Mzee wa kike mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: “Mnakata mgomba mmoja, au mnang'oa fungu?” Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mwanamke yule alilia mbele yetu. Amebaki. Aliondolewa katika kundi la ziara kwa miezi mitatu, akapewa kazi ya kutunza moto wa panga kila posho. Alikubali. Mfano wa mtini usiozaa, katika Luka mlango wa 13, tumeusikia mara nyingi, namna mtunza shamba alivyoomba mwaka mmoja zaidi, apalilie na kutia samadi. Tulikuwa tunamtazama mwenye shamba tu, yule anayetaka kukata. Hatukuwaza kwamba yule mwingine alipewa kazi ngumu zaidi ya jembe na mavi ya ng'ombe.

Na koko?

Tulichagua wamama watano kwenda kwake. Tulibeba chumvi, sabuni mbili na kitunga cha maharagwe. Alitupokea, akatupa viti, mjukuu akaleta maji. Katibu wetu akasema yote, bila kuficha: neno lilianzia wapi, lilipita wapi, na kwamba ugonjwa tulikuwa nao mikononi mwetu wenyewe. Koko alisikiliza akitazama chini. Kisha akasema:

“Wanangu, vitu hivi rudisheni. Kama nikivipokea, watu watasema nimelipwa. Mlisema kisimani, semeni kisimani. Mlisema sokoni, semeni sokoni. Hapa kwangu hamkunisema, hapa nilikuwa peke yangu.”

Tulirudi na kitunga chetu kichwani. Ni njia ya dakika kumi, tuliiona ndefu. Kuomba msamaha chumbani, mlango umefungwa, tulikuwa tayari. Kusimama kisimani asubuhi, ndoo na bidoni zimepangwa, wasichana wanatazama, na kusema “tulisema uongo juu ya koko,” hilo lilikuwa jambo lingine. Lakini hakukuwa na njia ya pili. Mathayo mlango wa 5 unatutaka tuache sadaka yetu na kwenda kupatana kwanza na ndugu yetu, na tuliona kwamba hata feza ya ndizi zile hatuwezi kuipeleka popote na moyo wa namna ile.

Wamama kumi na wanne wamesimama kisimani, mmoja mmoja au wawili wawili, kwa siku mbalimbali. Watatu walikwenda mpaka Mudaka, wakasema mbele ya wauza avoka. Mwalimu mmoja kati yetu alisema darasani, mbele ya watoto arobaini na nane, na anatushuhudia kwamba mikono ilitetemeka kuliko siku ya mtihani wake wa mwisho chuoni. Mjukuu wa koko alikaa akitazama daftari lake tu. Siku iliyofuata mtoto mwingine alihamia banki yake bila kuambiwa. Wengine kati yetu hawajasema bado. Wawili wanasema hawatasema, kwa sababu wao walisikia tu, hawakutamka. Tunawaacha, tunaendelea kuwasalimu.

Migomba inarudi kidogo kidogo. Posho iliyopita tulikata miwili tu. Maharagwe yametoka vizuri, ingawa mvua ilichelewa, na minervali ya watoto watatu imelipwa kwa nusu, nusu nyingine tunaitafuta. Anayeweza kusaidia amwone katibu.

Siku hiyo ya posho, tulipokuwa tukivunja maua kwa mti wenye panda, koko alikuja mpaka kwenye ua wa miyenzi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tano wa mwaka jana. Alisimama akatutazama muda mrefu, kisha akasema kwamba mkono wake haufiki tena juu kama zamani, na je, mti ule tulioushika tuliukata wapi. Mama wa moto akakimbia kumkatia mmoja kwenye mti wa avoka. Koko akaupima kwa macho, akaurudisha juu ya ua.

“Huu ni mfupi,” akasema. “Migomba yangu ni mirefu kuliko yenu.”

Tukamkatia mwingine.